Kifo Kilitangulia, Hadithi Ikafuata

Kondele, Kisumu

Mwandani wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Hadithi yako niliisoma juzi usiku, stima zikiwa zimepotea, kwa mwangaza wa simu. Yule maiti anayebisha mlango wa jikoni kila chakula kinapopakuliwa amenikosesha usingizi.

Nimesikitika kusikia mama anakukataza kuandika, ati ni uchuro, unaita msiba wa pili hapo Nakuru. Na wewe umeanza kujiuliza kama una kichaa, kwa kuwa tangu mumzike kaka yako huandiki kingine.

Dada, mfikirie Edgar Allan Poe, yule Mmarekani wa hadithi za makaburi. Wengi humjua kama mlevi aliyeandika ndoto za ulevi. Pombe alikunywa, sikatai. Lakini alipofariki 1849, hasimu wake Rufus Griswold alimwandika kama mtu aliyepotoka kabisa, na sifa hiyo ikamganda. Wachache huanza na mama yake, aliyekufa kwa kifua kikuu Desemba 1811, mtoto hajafikisha hata miaka mitatu. Mama aliyemlea naye akafa 1829. Kisha Januari 1842 mkewe Virginia, msichana wa miaka 19, alikuwa akiimba, damu ikamtoka kinywani. Aliishi miaka mitano zaidi, akiinuka na kuanguka, hadi 1847.

Katika barua ya 1848 Poe alieleza kuwa kila damu ilipotoka alimuaga mkewe kana kwamba amekwisha kufa, mke akapata nafuu, naye Poe akatumaini, ikatoka tena. Matumaini hayo yanayokuja na kukatika ndiyo yaliyomvunja. Akasema maadui zake wanadai ulevi ulimtia wazimu, ilhali wazimu ndio uliomtia ulevini.

Hayo nayajua. Baba alikuwa na kopo la bluu lenye kifuniko, chini ya kitanda. Asubuhi mama akitoka nalo, sisi watoto tulitazama miguu yake. Akitembea taratibu, tulijua kuna damu. Akipita haraka, basi chai ilinyweka kwa vicheko, na baba mwenyewe aliitisha uji wa wimbi. Wiki moja, mbili, halafu mama akarudia kutembea taratibu. Mpaka leo nikisikia kifuniko cha bati kikigonga kopo, tumbo hunikata.

Mei 1842, miezi minne tangu Virginia atokwe na damu, Poe alichapisha hadithi ya tauni inayoua watu kwa kuwatoa damu. Mwana wa mfalme anajifungia na wageni elfu moja, wanakula na kucheza katika vyumba saba. Cha mwisho ni cheusi, vioo vya madirisha vyekundu kama damu, na humo mna saa kubwa. Kila ikilia, wapiga muziki wanasimama, wachezaji wanasimama, nyuso zinapauka. Ikinyamaza, wanachekacheka, ngoma inaendelea. Wengine huona mashetani hapo. Mimi naona nyumba yetu: kikohozi kinaanza, vijiko vinatulia, kinakoma, mtu anauliza bei ya omena.

Kwa hiyo mama yako amegeuza mambo. Kaka yako alikufa kwanza. Maiti wa jikoni alikuja baadaye, akimfuata yeye.

Ila uchungu peke yake haukuandika zile kurasa. Mwaka 1846 Poe alieleza jinsi alivyolijenga shairi lake la kunguru: alianza kwa kuamua urefu, kisha akatafuta neno la kurudiarudia, akilichagua kwa mlio wake. Huyo alikuwa fundi, hata kama moyo ulikuwa umepasuka. Ndiyo maana nakwambia bila kuficha, mwisho wako haujakaa sawa. Mganga anayekuja kumfukuza maiti, mtoe. Amekuja kwa sababu uliogopa kukaa na kaka yako mpaka ukurasa wa mwisho. Kuna ile sahani anayopakuliwa kila jioni kwa mazoea, maharagwe yenye ukoko wa sufuria alioupenda. Umeipa sentensi moja tu. Irudie, iache mezani ipoe.

Shule zikifungwa nitapanda matatu nije. Nitaleta omena, nikae na mama jikoni, nimsomee mwenyewe hadithi yote. Hadi hapo uwe umeimaliza.

Wako wa siku zote,
Rafiki yako wa Kondele