YAH: Kukatwa salio na kudhalilishwa dukani kwenu kwa ajili ya simu ya Berberati

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini mu wazima na kazi zinaendelea. Masharti ya vifurushi vyenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitawachosha. Naingia moja kwa moja kwenye lililonileta.

Ijumaa usiku nilinunua kifurushi chenu cha kupiga nje ya nchi, shilingi 10,000. Ujumbe ukaja: hongera, umefanikiwa. Nikapiga +236. Mume wangu yuko Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kikosi cha JWTZ kilicho chini ya Umoja wa Mataifa. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa mbili; akitoka lindo, huku watoto wameshalala. Nikamwamsha mdogo. Akasema, "Baba, jino limetoka," simu ikakata. Kuangalia, salio la kawaida limekwisha lote na dakika za kifurushi ziko palepale, hazijaguswa. Kumbe kifurushi ni cha India, China, Marekani na Uingereza! Nani alinionya kabla ya kunikata?

Jumatatu nikaja dukani kwenu Morogoro kwa adabu zangu zote. Mhudumu wenu akanijibu, "Mama, mumeo si analipwa dola huko? Elfu kumi inakuuma nini?"

Nimesahau kusema kwamba ile Ijumaa nilikopa salio kwenu, likayeyuka kabla hatujamaliza kuulizana hali. Asubuhi nilipoweka vocha, mkakata kwanza deni pamoja na ada yenu. Kwenye kukata hamna mtandao mbovu.

Na tafadhali msiniambie nitumie WhatsApp. Intaneti ya kambini wanagawana kikosi kizima, jioni inajikokota, sauti inakatika katika kila neno. Desemba 2017, askari wetu walipouawa Semuliki kule Kongo, sisi wa kota tulishinda na kukesha na simu mkononi. Siku ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kusoma orodha ya nchi zilizomo kwenye kifurushi.

Msiseme pia kwamba haiwezekani. Kenya, Uganda na Rwanda zilishusha gharama za simu baina yao tangu 2014. Marekani ilitunga sheria mwaka 2006 kuitaka tume yao ya mawasiliano ihangaikie bei ya simu za askari walioko nje kupiga nyumbani. Ninyi kila sikukuu ya kitaifa mnabandika mabango ya kuwapongeza wanajeshi wetu. Pongezi hazina dakika.

Narudi kwa yule mhudumu, maana hilo halijanitoka. Hakuinua hata uso. Alikuwa anachezea simu yake, mtoto wangu nimempakata, foleni nyuma yangu imejaa. "Mama, mumeo si analipwa dola huko? Elfu kumi inakuuma nini?" Kwa sauti, watu wote wasikie. Kijana mmoja nyuma yangu akacheka. Nilipoomba kuonana na msimamizi, akasema, "Mwambie mumeo ndiye akupigie," kisha akabonyeza namba ya mteja mwingine ningali nimesimama mbele yake. Kipato cha mume wangu kinamhusu nini? Na sasa mtaa mzima unajua kwamba nyumba yangu haina baba na kwamba kuna dola.

Nilipoanza kuandika nilitaka tu kurudishiwa elfu kumi yangu, salio mlilokata na ile ada ya mkopo. Sasa nataka na barua ya kuniomba radhi, yenye saini ya meneja, siyo ujumbe wa "Ndugu mteja". Nataka pia kifurushi cha familia za askari walioko kwenye ulinzi wa amani, chenye Afrika ya Kati, Kongo na Lebanon ndani yake, na onyo kabla simu haijaanza kula salio.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, malalamiko haya yanakwenda kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na mimi nahamia mtandao mwingine na namba yangu hiihii. Sitahama peke yangu. Wanawake wenzangu wa kota wameisoma barua hii kabla yenu, na fedha za VICOBA chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, zote zinapita kwenye laini zenu. Mweka hazina ni mimi.

Wenu,
Mke wa askari,
Morogoro