Intaneti ya nyumbani iwekewe bei ya kuunganishwa kama umeme wa REA

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu, na hasa viongozi wa Wizara yenye dhamana ya mawasiliano pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), jambo ambalo kwa maoni yangu limeachwa nyuma katika mipango yetu ya uchumi wa kidijitali. Jambo hilo ni intaneti ya nyumbani, yaani ile inayoingia ndani ya nyumba, inayolipiwa mara moja kwa mwezi na kutumiwa na wote wanaoishi humo bila kuhesabiana megabaiti.

Ni haki kuanza kwa kukiri kazi kubwa iliyokwisha kufanyika. Mkongo wa baharini wa Seacom, yaani kebo ya kupitishia intaneti, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na katika kipindi hichohicho Serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao leo umefika makao makuu ya mikoa na kuvuka mipaka hadi kwa majirani wanaonunua huduma kutoka kwetu. Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku inayopitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF). Mtu mwenye nia njema hawezi kuyabeza hayo. Lakini muulize mkazi wa mtaa wa kawaida wa Morogoro, Tabora au Songea anapataje intaneti nyumbani kwake, naye atakujibu kwa kutaja bando.

Bando ni huduma nzuri kwa mtu mmoja aliye safarini au kazini, ila kwa nyumba nzima ni njia ya gharama kubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Katika kaya ya namna hiyo baba ana laini yake, mama ana yake, kijana aliye chuoni ana yake, na binti wa kidato cha nne husubiri mmojawapo amrushie hotspoti usiku, baada ya kazi za nyumbani kwisha. Kila mmoja hununua kidogo kidogo, cha siku au cha wiki, na kisichotumika muda wake unapokwisha hupotea. Hali hii ni kama ya mafuta ya kula ya kupima: anayenunua kwa kibaba kila jioni hulipa zaidi kwa lita kuliko aliyeweza kutoa fedha ya dumu zima kwa mara moja, na anayelazimika kununua kwa kibaba ndiye mwenye kipato kidogo. Ukijumlisha bando zote za nyumba moja kwa mwezi mzima, mara nyingi utakuta familia imetumia fedha ambazo zingekaribia kulipia huduma ya mwezi isiyo na kikomo, kama huduma hiyo ingekuwa inafika mtaani kwao na kama wangeweza kuyagawa malipo yake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na madhara ya jambo hili nayaona darasani. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, jambo la kupongezwa sana, lakini mwanafunzi anayetegemea bando la siku havisomi vitabu hivyo kwa utulivu. Hufungua ukurasa anaoutafuta, akapiga picha ya skrini na kufunga haraka. Somo la video la saa moja, hata kwa ubora wa kawaida, laweza kumaliza nusu GB au zaidi. Akihitimu, maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanafanyika mtandaoni, maombi ya chuo vilevile, na siku akitafuta kazi serikalini lazima apite kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Cheti cha kuzaliwa kinaombwa RITA kwa mtandao. Mzazi wake, kama ana kampuni ndogo inayotaka kuuza bidhaa halmashauri, anapaswa kuingia kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST. Kwa kuwa nyumbani hakuna huduma, wote hao huishia steshenari, ambako hulipia huduma pamoja na kumpa mtu wasiyemfahamu namba za siri na nyaraka zao ili awajazie fomu. Mimi naona si sawa Serikali kuhamishia huduma zake mtandaoni, kisha gharama ya kuufikia mtandao huo ikaachwa iwe ya kila mtu na bahati yake.

Bei yenyewe tunaweza kuipima. Kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Tuuache wastani wa pato la taifa na tuchukue kipimo kilicho juu yake, yaani kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025, ambacho ni Sh500,000. Asilimia 2 yake ni Sh10,000. Vifurushi vya nyumbani visivyo na kikomo ninavyoviona vikitangazwa huanzia zaidi ya Sh50,000 kwa mwezi, nje ya gharama ya ruta au ya kuunganishwa pale inapotozwa. Mtumishi huyo, ambaye mkulima na mama lishe wengi humwona kuwa ana nafuu, atatakiwa kutoa sehemu ya kumi ya mshahara wake ili nyumba yake iwe na intaneti.

Kwa nini iwe hivyo, ilhali mkongo umefika mjini? Kwa uelewa wangu, gharama imekaa katika kipande cha mwisho, zile mita mia chache kati ya barabara kuu na mlango wa nyumba. Kampuni inayotaka kuingia mtaani inapaswa kupata vibali, kulipia njia kando ya barabara za TANROADS au TARURA, kuchimba mtaro au kusimika nguzo, kuvuta waya hadi nyumbani na kufunga ruta, kisha inasubiri kuona ni nyumba ngapi zitajiunga. Ni wazi itaanza na mitaa ambako ina hakika ya wateja. Ndiyo maana katika miji yetu utakuta mtaa mmoja una nyaya za kampuni tatu zilizoning'inia sambamba, na mtaa wa jirani hauna hata moja. Barabara za mitaa zinajengwa kwa lami mpya bila bomba la kupitishia nyaya, kisha baada ya mwaka mmoja lami hiyohiyo inakatwa. Gharama hizo zote, pamoja na zile za uzembe, hatimaye humwangukia mteja.

Tatizo la aina hii tulikwisha kulitatua katika umeme. Kabla ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kuanza kazi mwaka 2007, umeme kijijini ulikuwa jambo la mission, la kiwanda na la mwenye jenereta. Ikaamuliwa kwamba sehemu kubwa ya gharama ya kufikisha umeme ibebwe kwa pamoja, ndiyo ile asilimia 3 ya REA tunayoiona kwenye kila risiti ya LUKU, na mwananchi wa kijijini achangie kiasi kinachojulikana cha Sh27,000 ili aunganishwe. Kiasi hicho kilijulikana na kila mtu: mwenyekiti wa kijiji alikijua, bibi aliyeuza mbuzi alikijua, na fundi aliyetaka kutoza zaidi alijua kwamba ataulizwa. Naamini kujulikana huko kwa bei kulisaidia usambazaji wa umeme karibu sawa na ruzuku yenyewe, kwa sababu familia iliweza kupanga na kuweka akiba.

Intaneti ya nyumbani haina bei ya namna hiyo, na mfuko wa kuiwezesha tayari upo. UCSAF huchangiwa na kampuni za mawasiliano kwa mujibu wa sheria, na kwa miaka mingi fedha zake zimeelekezwa zaidi kwenye minara. Mnara ni muhimu kwa kijiji kisicho na mawasiliano kabisa, na sipendekezi minara isimame. Ninachosema ni kwamba mnara ukishasimama hutuuzia bando, na tunarudi kulekule nilikoanza. Napendekeza sehemu ya mfuko huo, hata iwe ndogo kwa kuanzia, itumike kufidia gharama ya kipande cha mwisho kwenye mitaa na vijiji vilivyo karibu na vituo vya Mkongo wa Taifa, kwa sharti kwamba mwananchi atozwe ada moja ya kuunganishwa inayofahamika nchi nzima, na kwamba waya uliowekwa kwa fedha ya umma uweze kutumiwa na kampuni yoyote yenye leseni badala ya kuwa mali ya moja tu. Nguzo za TANESCO tayari zipo mitaani, na Mkongo wenyewe kwa sehemu umepita kwenye njia zake za umeme mkubwa. Ada ya kutundika waya kwenye nguzo za mitaani ingewekwa wazi na iwe ndogo, kazi ingekwenda haraka.

Kuhusu kodi, nasema kwa tahadhari. Huduma za mawasiliano hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei ikiwa pamoja na ushuru huo. Kwa hesabu hiyo huduma yenye thamani ya Sh1,000 humfikia mteja kwa takriban Sh1,380. Ni mzigo mkubwa kwa kitu ambacho Serikali yenyewe inakihitaji kila mwananchi awe nacho ili imhudumie. Hata hivyo tumepata funzo katika bajeti ya mwaka 2021/22, ambayo iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa, na mimi kama mnunuzi sikuona bei ya dukani ikishuka katika kipindi hicho. Kwa hiyo naomba ushuru wa bidhaa uondolewe kwa kifurushi cha nyumbani cha bei ya chini pekee, na kampuni itakayonufaika ilazimike kutangaza bei kabla na baada ya msamaha, TCRA ikisimamia. Msamaha usio na sharti la bei utaishia mikononi mwa wauzaji.

Yapo pia maeneo ambayo kampuni kubwa hazitafika karibuni hata kwa ruzuku, na huko wananchi wenyewe waruhusiwe kujenga. Kondoa, mkoani Dodoma, wanajamii kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walianzisha mtandao wa jamii uliotumia masafa ya televisheni yasiyokaliwa, ambayo husafiri mbali na kupenya vizuri kuliko masafa ya kawaida ya Wi-Fi. Jirani zetu wa Kenya walitoa mwaka 2021 utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya aina hiyo. Sisi tuna SACCOS, tuna AMCOS, tuna vyama vya watumia maji vinavyoendesha visima na mabomba kwa miaka mingi; sioni kwa nini chama cha ushirika cha kata kisiweze kununua uwezo wa Mkongo kwa jumla na kuugawa kwa nyumba 200, endapo bei hiyo ya jumla itachapishwa na leseni yake itakuwa ya gharama inayolingana na ukubwa wake.

Nafahamu wapo watakaosema kwamba ruta za 5G zinatosha, au kwamba satelaiti, kama zile ambazo Rwanda na Kenya zimeruhusu tangu mwaka 2023, zitamaliza tatizo. Zote zina nafasi yake. Satelaiti ingefaa sana kwa shule ya kisiwani Ukerewe au zahanati ya Ngorongoro. Lakini kifaa chake ni ghali kwa familia ya kawaida, nayo 5G hugawanya uwezo wa mnara mmoja kwa watu wengi, hasa jioni ambapo watoto wote wako nyumbani.

Namalizia kwa maombi mawili ambayo hayahitaji kusubiri sheria mpya. Takwimu za robo mwaka za TCRA hutueleza idadi ya laini zinazotumia intaneti, nazo huongezeka kila mara, ila laini nyingi huweza kuwa za mtu mmoja na nyumba yenye mtoto wa shule isionekane popote. Naomba taarifa hizo zianze kuonyesha idadi ya kaya zilizounganishwa kwa huduma ya mwezi, wilaya kwa wilaya. Na Wizara, inapoandaa bajeti ijayo, itamke ada ya kuunganisha nyumba moja na mkongo, kisha ianze na mitaa iliyo ndani ya kilomita tano kutoka kituo cha Mkongo wa Taifa katika kila makao makuu ya mkoa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sekondari,
Manispaa ya Morogoro