Nitafutie T ya brasi kabla ya Ijumaa

Assalaam aleikum ndugu yangu,

Vipi hali, shemeji na watoto hawajambo? Huku kwetu salama alhamdulillahi, joto la Malindi ndio lile unalijua. Najua nimenyamaza tangu harusi na ulinipigia mara mbili sikushika, nisamehe, si ubaya, ni hii gari yangu Forester imenikaa kichwani na barua yenyewe ni ya sababu yake.

Unakumbuka nilikwambia inachoka nikivuka daraja la Kilifi nikianza kupanda? Unakanyaga mafuta inanguruma tu, nguvu hakuna. Kila fundi wa hapa akiisikiliza anasema tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, imekufa, nunua nyengine, na tabo hata ya mtumba bei yake unaijua. Nikasema sitoi pesa kwa kitu sijakiona kwa macho. Nikanunua geji ya busti, ya kupima hewa inayosukumwa na tabo, ile ya mpira sio ya sensa, maana plagi za waya kwa hii hewa yetu ya chumvi hazikai, na hii umeme wake ni wa taa tu.

Tuliifunga mimi na Kazungu uani kwa mama. Ubishi ulikuwa mpira tuukate wapi. Yeye alitaka pale kwenye tabo, ule mwembamba unaokwenda kwa westigeti, kile kilango cha kuzuia tabo isizidishe, kwa sababu mkono unafika. Nikakataa kabisa. Pale vakyumu, ule mnyonyo wa injini, huioni, halafu ule mpira ukivuja westigeti haifunguki, tabo inasukuma kupita kiasi mpaka injini inakufa. Tukachukua kwa manifoldi, pale hewa inapoingilia injini, mpira mdogo wa regulata ya petroli, tukaweka T, kile kiungo cha midomo mitatu cha kugawa mpira. Mpira wa geji tukaupitisha mbali na tabo, ukaingia ndani kwa ile raba ya waya nyuma ya dashbodi, taa tukachukua kwa redio, waya wa athi, ule wa kufunga kwa bodi, tukakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana. Saa tano usiku tukawasha.

Na wallahi geji ilisema kweli. Busti inapanda mpaka baa 0.4 inasimama, na hii gari ikiwa sawa inafika karibu 0.8. Tukafuata mipira mmoja mmoja, kumbe ule mkubwa wa interkula, kile kipoza hewa ya tabo, umepasuka kwa chini, jicho halifiki. Tabo iko nzima! Tukatia mpira mwengine, sindano ikapanda vizuri, nikaenda mpaka Gede na kurudi moyo mweupe kama mtoto wa Idi.

Sasa shida. Ile T ilikuwa ya plastiki, ya matangi ya samaki wa kufuga, ndiyo tuliyoipata, na joto la injini limeipasua. Siku ya nne asubuhi gari imesimama tu lakini mzunguko wa injini unapanda unashuka, na sindano ya vakyumu iliyokuwa inakaa -0.65 imerudi -0.45. Nimeizungusha tepu lakini roho haitulii, maana ule ni mpira wa regulata. Tabo ikisukuma, regulata lazima ipate ule upepo ndio iongeze presha ya petroli, ukivuja hewa inakuwa nyingi petroli kidogo, na hapo ndipo pistoni zinapoyeyuka. Geji nimeiweka nilinde injini, sitaki iwe ndiyo iliyoiua. Nimeiegesha, haitoki.

Na Jumamosi nimemuahidi mama nimpeleke Mokowe apande boti, dada yake Lamu hajiwezi, na basi kwa mgongo wake ule hawezi, njia yote ile mpaka Mokowe mimi nikiwaza T ya plastiki, la, siwezi.

Kwa hivyo nakuomba sana, nitafutie hapo Mombasa T ya brasi ya mm 4, mpira wa silikoni wa mm 4 mita 2 ule mnene usiojikunja, na klipu ndogo sita. Na ukiona kile kipande cha tundu dogo cha kutia ndani ya mpira nichukulie pia, sindano inatetemeka sana, halafu hata mpira wa geji ukikatika hautavujisha hewa nyingi. Huku nimezunguka maduka yote nimechoka. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, niambie basi gani, nitasimama stendi mwenyewe. Pesa nakutumia kwa M-Pesa ukinipa bei tu.

Halafu namba za geji yako nazitaka, maana injini zetu ni aina moja. Binamu wa Nairobi ananiambia yake inakaa -0.5 na iko sawa, lakini Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na hizi geji zinapima kwa kulinganisha na hewa ya nje, haiwezi kuwa kipimo changu mimi wa pwani. Wewe uko usawa wa bahari kama mimi.

Yako inasoma ngapi ikishapata moto? Ukiwasha AC inashuka kiasi gani? T yako uliiweka mpira gani, na ina miaka mingapi haijakusumbua? Ile safari niliyorudi kutoka Kilifi na mpira wa interkula umepasuka, wadhani imeumiza kitu? Na Mama Salma ameshatoka hospitali? Kile kiwanja cha Mtwapa kimefikia wapi? Utakuja lini?

Nijibu hata usiku wa manane, simu iko karibu na mto.

Nduguyo, Malindi