Mradi ukiisha, Kisumu itabaki na nini?

Mhariri,

Kwa miaka 19 nimekuwa nikitengeneza mashine za hospitali hapa Kisumu: za oksijeni, za kufyonza makohozi, inkubeta za watoto wachanga. Ninaposikia kwamba chuo kikuu cha ng'ambo kinataka kushirikiana na vyuo vyetu katika utafiti wa tiba, na kuwasaidia vijana kufungua kampuni za teknolojia ya afya, nafurahi. Lakini kabla ya wakubwa kutia saini, naomba watuambie kitakachobaki mradi ukiisha.

Hakuna atakayesema watu wa huku wanaukataa utafiti. Vijana 2,784 wa Kisumu walijitolea katika utafiti wa tohara ulioanza mwaka wa 2002, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Illinois na Manitoba. Kutokana nao, na tafiti nyingine zilizofanywa Uganda na Afrika Kusini, dunia ilikubali kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Akina mama wa Kombewa na Siaya nao walipeleka watoto wao kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, miaka mingi kabla ya chanjo hiyo kuzinduliwa Homa Bay Septemba 2019.

Tena tunao mfano wa ushirikiano uliozaa teknolojia ikadumu. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, wamekuwa pamoja Eldoret kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Yaliyojifunzwa hapo yalichangia kuundwa kwa OpenMRS, programu ya kompyuta ya kuweka rekodi za wagonjwa, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na ambayo leo iko katika nchi nyingi. Imedumu kwa sababu msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote. Kijana wa Kakamega anaweza kuuchukua, kuurekebisha na kujenga kampuni juu yake bila kulipia leseni wala kumwomba mtu ruhusa.

Sasa niseme nilichokiona mwenyewe. Wanafunzi wawili walikuja karakanani kwangu na kifaa cha kuhesabu matone ya dripu, kinacholia dripu inapokaribia kuisha. Wazo lilikuwa lao. Nilikaa nao jioni nyingi, kwa sababu stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho kilikuwa kikiunguza saketi. Tukaweka kinga na betri. Sista wa zamu, ambaye usiku huangalia wagonjwa wengi peke yake, alikipenda mno. Kisha ufadhili ukaisha na mshirika wa nje akaondoka. Programu ikajifunga ilipokosa kuhuishwa, na nywila hatukuwa nayo. Wale vijana walipotaka kuendelea wenyewe, waliambiwa kwamba kwa mujibu wa mkataba, michoro si yao. Mmoja sasa anatengeneza simu Kondele. Inaniuma kila nikimwona.

Kwa hivyo nawasihi wakuu wa vyuo vya Maseno, Bondo na Kakamega: mikataba hii iwekwe wazi tuisome. Iseme hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ni ya nani, na mwanafunzi aliyebuni apate sehemu yake. Iseme msimbo na nywila vitakabidhiwa nani. Rekodi za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, basi iseme pia zitahifadhiwa wapi. Na fundi wa hospitali aitwe mezani tangu siku ya kwanza, maana ndiye atakayetafuta vipuri wageni wakishapanda ndege.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche. Kampuni changa haiishi kwa zawadi za mashindano, huishi kwa wateja. Kifaa kikishapita mikononi mwa kamati ya maadili ya utafiti na Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, hospitali zetu zikinunue, hata kama ni vitano vya kuanzia.

Kile cha dripu bado kiko kabatini kwangu, na betri yake naichaji kila mwezi. Mwenye nywila akijitokeza, nitakirudisha wadini siku hiyo hiyo.

Fundi wa mashine za hospitali,
Kisumu