Kabla hamjamwanika mtu, ushahidi uko wapi?

Kwa Mhariri,

Naandika nikiwa na uchungu manake hii tabia ya kuanika watu mitandaoni imefika pabaya, na kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa dini wanaifanya na sisi tusio na dini pia tunaifanya, hakuna wa kumnyoshea mwenzake kidole.

Nijieleze kwanza ndio nieleweke. Mimi siamini kuna Mungu. Si kiburi na sina vita na mtu anayesali, nimetafakari miaka mingi na hapo ndipo nilipofika. Lakini pia mimi ni mhafidhina kabisa: mahari nilitoa, wazee nawaheshimu, ndoa naona ni kitu cha kulindwa, na sipendi hii haraka ya kubomoa kila kitu eti kwa sababu ni cha zamani. Utangulizi wa Katiba yetu unamtaja Mwenyezi Mungu na mimi sitaki uguswe, Wakenya waliupitisha 2010 na ni wao walio wengi. Sasa mtu kama mimi hana pa kukaa, kanisani naitwa shetani na kwa wasioamini wenzangu naambiwa nimebaki na akili za kijijini. Na si kwamba niko peke yangu, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 755,000 waliosema hawana dini, ni vile tu wengi wananyamaza. Hata chama cha wasioamini kiliposajiliwa mwaka wa 2016 kelele zilipigwa mpaka usajili ukasimamishwa baada ya muda mfupi tu, ikabidi waende kortini.

Tuje kwa yaliyonifanya niandike. Kwa grupu la WhatsApp la mtaa wetu ilitumwa picha ya mwalimu mmoja wa kike, ikasemwa amekula pesa za basari. Kabla hata ya saa moja kuisha watu wameshatuma namba yake ya simu, anakoishi, mpaka shule wanayosoma watoto wake! Mimi nikauliza kitu kimoja tu, kuna mtu amepiga ripoti polisi au kuna karatasi yoyote tuone? Nikajibiwa huna Mungu ndio maana unatetea wezi, admini akanitoa. Baadaye ikajulikana mwenye kesi ni mtu mwingine kabisa, majina ndio yalifanana. Unadhani kuna aliyeomba msamaha? Walihamia kisa kingine, na yule mama mpaka leo akipita sokoni watu wananong'ona.

Upande wetu nao. Mambo ya Shakahola, kule Kilifi ambako mchungaji mmoja alidaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu, yalipofichuka Aprili 2023 na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kule msituni, nilikasirika kama kila Mkenya, watoto wamenyimwa chakula mpaka wakafa halafu inaitwa imani. Lakini kwa makundi ya wasioamini zikaanza kuzunguka video za wachungaji wengine wasiohusika hata kidogo, moja ilionekana wazi ni ya zamani, na watu wanatoa majina ya makanisa wanasema haya nayo yachomwe. Nikauliza video ni ya lini na imetoka wapi. Nikaambiwa mimi ni jasusi wa kanisa. Watu walewale wanaojisifu kila siku kwamba wao ni wa ushahidi!

Kwa hivyo mtu asinidanganye eti ukiacha dini unakuwa mjanja wa kutambua uongo. Ni kweli 2014 ni maaskofu wa Kikatoliki walisema chanjo ya pepopunda inafanya wanawake wasizae, serikali na WHO na UNICEF wakasema ni salama, na hofu ile bado nakutana nayo kwa akina mama. Lakini 2017 kabla ya uchaguzi zilipotoka video feki zenye nembo za BBC na CNN zikidai mgombea fulani anaongoza, hilo halikuwa jambo la dini, na waliozisambaza kwangu ni watu wenye digrii zao, wengine hawajaingia kanisani tangu wamalize shule. Kila mtu anaamini haraka kile kinachomfurahisha, na hapo ndipo angepaswa kuuliza maswali zaidi, sio kwa habari za adui yake peke yake.

Mimi uhafidhina wangu unaanzia hapo. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe, na najua korti zetu ni za polepole na watu wamechoka kungoja, hata mimi nimechoka. Lakini kule kortini angalau anayeshtakiwa anapewa nafasi ya kujibu. Kwa simu hakuna anayengoja jibu, skrinishoti ikishatoka imetoka.

Ombi langu kwenu Mhariri ni hili. Siku hizi magazeti nayo yanachukua stori mitandaoni, basi mkipata stori ya namna hiyo mtafuteni anayetajwa kabla ya kuchapisha, na picha ya mtu ambaye hajafikishwa kortini msiitoe. Na ikitokea habari ilikuwa ya uongo, marekebisho yawekwe ukurasa uleule ilipotoka habari yenyewe na kwa herufi za ukubwa uleule, sio kile kisanduku kidogo cha chini ambacho hakuna anayekisoma.

Msomaji wenu,
Nakuru