Mgonjwa aruhusiwe kusema kwamba anaumwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo naamini linawagusa Wakristo wengi wanaosoma gazeti hili, wawe wa makanisa ya zamani au ya kiroho. Ni mafundisho juu ya nguvu ya maneno na mawazo, ambayo siku hizi husikika katika mikesha, katika mikutano ya injili, redioni na kwenye makundi ya simu: kwamba kile mtu anachokitamka kwa kinywa chake, au anachokishikilia katika fikra zake, ndicho kitakachompata. Anayesema "naumwa" huambiwa kwamba ameukaribisha ugonjwa, anayesema "sina fedha" kwamba amejifungia riziki yake, na anayewaza mabaya kwamba amemfungulia adui mlango.

Sipingi kwamba maneno yana nguvu. Mkristo atapingaje jambo hilo, ilhali Biblia yake inaanza na Mungu anayesema "Iwe nuru", na Injili ya Yohana inamwita Mwokozi mwenyewe Neno? Mithali 18:21 inatamka wazi kwamba mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Ninachokipinga ni kuiondoa nguvu hiyo pale Maandiko yalipoiweka na kuipeleka mahali ambapo inawaumiza watu waliokwisha kuumia.

Mimi ni mzee wa kanisa, na katika kuwatembelea wagonjwa nimeikuta hali moja mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi tena kuinyamazia. Mgonjwa anaulizwa hali yake mbele ya waombaji, naye anajibu kwamba amekwisha kupona kwa jina la Yesu, huku uso wake ukionyesha maumivu makali. Waombaji wakishaondoka ndipo anamwambia binti yake au muuguzi kwamba usiku kucha hakulala. Nimemsikia mama aliyefiwa na mtoto mchanga akiulizwa, tena na watu waliokuja kumpa pole, ni maneno gani aliyokuwa akiyatamka wakati wa ujauzito. Wapo pia wanaoacha dawa za shinikizo la damu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu wamefundishwa kwamba kumeza kidonge ni kukiri kuwa ugonjwa bado upo. Haya ni ukatili, na nia njema ya wanaoyatenda haiupunguzi.

Wanaofundisha hivyo hupenda kusoma Ayubu 22:28, "Nawe utakusudia neno, nalo litathibitika kwako." Mstari huo umeandikwa kwenye vibao vya magari na kwenye fulana, na hutumiwa kuhitimisha maombi ya kuamuru na kutangaza. Namwomba kila anayeutumia afungue Biblia yake atazame ni nani anayesema hapo. Si Mungu, wala si Ayubu, bali ni Elifazi Mtemani, mmoja wa wale rafiki watatu, na anayasema hayo mwishoni mwa hotuba ambayo ndani yake amemsingizia Ayubu kwamba amewanyang'anya maskini mavazi yao na kuwafukuza wajane mikono mitupu, ili tu apate sababu ya mateso yake. Elifazi hakuweza kuvumilia wazo la kwamba mtu mwema anaweza kuteseka bila kosa lake, kwa hiyo alilitafuta kosa, na alipolikosa akalitunga.

Katika sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi huyo huyo kwamba hasira yake inawaka juu yake na juu ya wenzake wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari yangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Hebu msomaji ayapime maneno hayo akikumbuka ni mambo gani Ayubu alikuwa ameyanena. Katika sura ya 3 aliilaani siku aliyozaliwa. Alisema kwamba mishale ya Mwenyezi imo ndani yake. Aliuliza, akalia, akamdai Mungu majibu, akatamani kifo. Kwa kipimo cha mafundisho ya siku hizi hakuna mtu katika Biblia nzima aliyejinenea mabaya kumzidi Ayubu, lakini yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa amenena sawa, na waliotoa kanuni nzuri za mafanikio ndio walioagizwa watoe sadaka ya kuteketezwa na waombewe na yule waliyemhukumu. Sijui namna ya kuisoma sura hiyo na bado kumkataza mgonjwa asiseme kwamba anaumwa.

Mistari mingine inayotumiwa nayo ingestahili kusomwa pamoja na majirani zake. Warumi 4:17, kuhusu kuyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako, inamsema Mungu ambaye Ibrahimu alimwamini, haimsemi Ibrahimu. Mithali 23:7, kwamba mtu alivyo ni vile aonavyo nafsini mwake, inamzungumzia mwenyeji mchoyo anayekukaribisha mezani wakati moyo wake hauko pamoja nawe. Katika Marko 11, Bwana Yesu anaanza kwa kusema "Mwaminini Mungu", kisha anasema juu ya mlima utakaong'oka, halafu katika aya ya 25 anaagiza kwamba kila tusimamapo kusali tuwasamehe wenzetu. Mlima husikika kila wiki katika mahubiri, lakini aya ya 25 nimeisikia mara chache sana.

Kuna pia suala la majina. Watu wanaoitwa Shida, Tabu, Masumbuko au Mateso wamekuwa wakiambiwa kwamba jina ndilo linalowafunga, na wengine wamelipia gharama ya kulibadilisha katika vyeti vyao vyote. Ni kweli kwamba Yakobo alikataa mwanawe aitwe Benoni, akamwita Benyamini, na mzazi anayempa mtoto wake jina jema anafanya vizuri. Hata hivyo, katika 1 Nyakati 4 tunamsoma Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alimzaa kwa huzuni, naye akawa mwenye heshima kuliko ndugu zake huku akiitwa hivyo hivyo. Hatuambiwi kwamba alilibadilisha jina lake. Tunaambiwa kwamba alimlingana Mungu wa Israeli, na Mungu akamjalia aliyoyaomba.

Sitaki kuirefusha historia ya mafundisho haya, ila inafaa ijulikane kwamba hayakutoka kwa mababa wa Kanisa, wala kwa wamisionari waliotuletea Injili, wala kwa wazee wetu. Katika sura tunayoisikia leo yalitoka Marekani katika karne ya 20, kupitia maandishi ya E. W. Kenyon, aliyefariki mwaka 1948, na hasa kupitia mahubiri ya Kenneth Hagin (1917–2003) wa Oklahoma, ambayo yalisambazwa kwa kanda na vijitabu hadi Afrika. Wanateolojia wa Kiafrika walikwisha kuyapima. Walipokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na tena mwaka 2009, chini ya Vuguvugu la Lausanne, ambalo ni ushirika wa kimataifa wa Wakristo wa kiinjili, walianza kwa kukiri kwamba Mungu hutenda miujiza, kisha wakakataa fikra ya kwamba uweza wake unaweza kuendeshwa kwa maneno, matendo au taratibu za wanadamu. Naona huo ni msimamo wa haki, kwa sababu haumnyang'anyi mtu imani ya uponyaji, na papo hapo haumfanyi Mungu kuwa mtumwa wa midomo yetu.

Basi ulimi una uwezo wapi? Mtume Yakobo analijibu swali hilo katika sura ya 3 ya waraka wake, anapostaajabu kwamba kwa ulimi huo huo tunamhimidi Mungu Baba yetu na kuwalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake. Uwezo wa ulimi unaonekana kwanza kwa mtu mwingine, yule anayetusikia. Mtoto anayeambiwa kila siku na baba yake kwamba hana akili na hatafika popote, huishia kuamini hivyo na kuishi hivyo. Mke anayedhalilishwa kwa maneno mbele ya wakwe huchoka moyo hata kama hajawahi kupigwa. Hayo ndiyo maneno ya laana ambayo mzazi na mume wanapaswa kuyatubia kwa wale waliowatamkia, uso kwa uso. Badala yake, mara nyingi huyo mtoto akishakuwa mtu mzima ndiye anayepelekwa mbele "kuvunja laana", wakati baba aliyeyatamka maneno hayo ameketi viti vya mbele bila kuulizwa chochote.

Sisi wa Kagera tuko jirani na Rwanda, kwa hiyo hatuna udhuru wa kusahau maneno yaweza kufanya nini. Kuanzia mwaka 1993 redio ya RTLM iliwatangazia wasikilizaji wake kwamba jirani zao ni mende, na mwaka 1994 watu waliobatizwa, wakaimba kwaya pamoja na kushiriki meza moja ya Bwana, waliuana kwa mapanga, wengine ndani ya makanisa. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu 3, wawili wao waanzilishi wa redio hiyo na mmoja mhariri wa gazeti. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini haikuwatoa hatiani. Hakuna muumini ninayemfahamu ambaye akisikia habari hizo anatilia shaka kwamba mauti imo katika uwezo wa ulimi. Lakini ni mara ngapi Mithali 18:21 imehubiriwa kwetu juu ya dharau za kikabila, juu ya umbea wa vikundini, juu ya matusi ya wakati wa kampeni?

Katika nchi hiyo hiyo ya Rwanda, huko Gahini, ndiko ulikoota uamsho wa miaka ya 1930 ambao ulivuka mpaka ukafika kwetu na kutuachia neno walokole. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye aliliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa kiroho na uamsho huo. Wazee waliotufundisha walisimama katika ushirika na kusema dhambi zao wenyewe: nimeiba, nimemchukia ndugu yangu, nimemdanganya mke wangu. Kisha walikwenda kurudisha walichokichukua na kuomba radhi. Maneno yao yalikuwa na nguvu kweli, na nguvu hiyo ilitokana na kusema yaliyo kweli mbele za Mungu na mbele ya yule waliyemkosea. Sisemi kwamba uamsho ule haukuwa na upungufu. Mauaji ya 1994 yanamkataza yeyote kusema hivyo. Nasema tu kwamba ulijua ni nani anayepaswa kuanza kunena, na aanze na lipi.

Kuhusu mawazo, yapo mateso ya pekee ambayo hayaonekani. Mtu mwenye sonona, ambaye mawazo ya giza humjia bila kuyaita, akiambiwa kwamba kuwaza tu kumempa shetani nafasi, anaongezewa hofu juu ya huzuni. Wakristo wa kwanza wa Afrika walikuwa na hekima zaidi hapa. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliyachunguza mawazo yanayoisumbua nafsi akayapanga katika mafungu 8, huzuni ikiwa mojawapo, na akafundisha kwamba kusumbuliwa nayo hakumo katika uwezo wetu. Kilichomo katika uwezo wetu ni kama yatakaa au hayatakaa. Kwa kila wazo alitafuta jibu katika Maandiko, na huwezi kulijibu jambo ambalo umekatazwa hata kulitaja. Ndivyo anavyofanya mtunzi wa Zaburi ya 42 anapoiuliza nafsi yake kwa nini imeinama na kufadhaika, kabla ya kuiambia imtumaini Mungu. Paulo naye, anapotuagiza katika Wafilipi 4:8 mambo ya kutafakari, anatanguliza yaliyo ya kweli kabla ya yenye kupendeza. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule Gethsemane, aliwaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na wala hakutenda dhambi kwa kulisema hilo.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mitume na manabii, pamoja na ndugu zetu watangazaji wa vipindi vya dini, waruhusu sala za maombolezo zirudi katika ibada na katika vipindi. Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la ushindi, isomwe kwa sauti mahali ambapo wagonjwa wanaweza kuisikia. Asiwepo mtu wa kumwamuru mgonjwa aache dawa, na waombaji warudi kumtazama baada ya wiki moja na baada ya mwezi, si usiku wa mkesha tu. Yakobo, yule yule aliyetuonya juu ya ulimi, anaagiza katika sura ya 5 kwamba asiyejiweza awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na mimi kama mmoja wa wazee hao siwezi kuitwa na mtu ambaye amekatazwa kusema kwamba ni mgonjwa.

Mzee wa Kanisa,
Bukoba, Kagera.