Magendo si feki

Ndugu Mhariri, asalaam aleikum.

Nimesoma habari yenu ya wiki iliyopita ya dawa za malaria zilizokamatwa, kichwa cha habari mmekiandika kwa herufi kubwa DAWA ZA MAGENDO, halafu nikisoma chini naona vidonge vyenyewe havina dawa ndani, ni unga tu umetiwa kwenye pakiti yenye jina la kampuni nyengine. Sasa hapo magendo yako wapi? Hizo ni feki, dawa bandia, na haya si mambo ya kuchanganya.

Mie mtu wa Wete, nimekulia kwenye mikarafuu, neno magendo nimelisikia kabla sijajua kusoma. Kwetu Pemba magendo ni karafuu kuvushwa usiku kwa mashua kwenda Shimoni au Mombasa, kule Kenya, badala ya kupelekwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ambao ndio peke yao wenye ruhusa ya kununua. Karafuu yenyewe haina kasoro, ni ile ile iliyochumwa na mama zetu, ikachambuliwa makonyo, ikaanikwa jamvini mpaka ikakauka, harufu ile ile, kilichoharibika ni njia iliyopita basi. Ndo maana bei ilipopandishwa 2011 magendo yakapungua, karafuu haikubadilika kitu ila watu wakaona hakuna haja tena ya kuhatarisha roho zao baharini usiku. Hata KMKM tunaowaona kila siku, kirefu chake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na kazi yao iko baharini, kwenye njia. Mie nikilisikia neno hili nasikia mwendo ndani yake.

Na silalamiki kwa kupenda ubishi wa lugha. Mtaani mtu akiambiwa sukari ya magendo au mchele wa magendo haogopi, anaelewa ni kitu kizima kilichokwepa ushuru kwa hiyo bei yake nafuu, na wengi wanakifuata hasa. Jirani yangu ana mtoto mwenye homa, nilipomsomea kile kichwa chenu cha habari jibu lake likawa "basi zitakuwa rahisi hizo, zinapatikana wapi?" Wallahi nilishtuka, ikabidi nikae naye nimsomee habari yote mpaka mwisho.

Na neno ulanguzi nalo pia liangalieni. Sie wa umri wangu mlanguzi ni yule aliyeficha sabuni na sukari stoo mpaka zikaadimika akaja kuuza bei ya kuruka, ndio waliosakwa 1983 wakati wa Waziri Mkuu Sokoine. Wenzetu Kenya wanasema ulanguzi wa dawa za kulevya, yaani kuzisafirisha na kuziuza kwa siri, na kwao ni sawa kabisa, wanaelewana, lakini nyie mkichukua habari ya Nairobi mkaikata ikabaki "mlanguzi wa dawa" basi msomaji wa huku atadhani ni mwenye famasi aliyepandisha bei.

Naomba toleo lijalo mrekebishe ile habari, na masahihisho yawe makubwa kama kichwa kile kilivyokuwa, si mistari miwili pembeni. Andikeni dawa feki, mtaje jina la vidonge na rangi ya pakiti, kwa sababu huku kwetu kuna watu bado wanaziulizia.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba